Kikapu Kando ya Waya

Benchi letu la Kizota liko mbele ya fremu yangu ya ushonaji. Mbao nilinunua mimi, misumari nilinunua mimi, na wanaolikalia kutwa nzima ni wanaume ambao hawajawahi kuniletea hata kifungo cha kushona. Upande wa kulia hukaa Mzee Bartolomayo, tunayemwita Debe, aliyekuwa dalali wa mahindi kule Kibaigwa mpaka magoti yalipomkatalia kupanda malori. Katikati hukaa Ebenezer, mstaafu wa masijala ya wizara, na jina lake hapa ni Dokezo kwa sababu hawezi kusema jambo bila kulifungulia faili. Khamisi muuza kahawa hakai. Huzunguka na birika lake na maneno yetu yote anayabeba. Mimi ni Loisi, natia neno huku mguu uko kwenye cherehani. Asubuhi hiyo ya mwezi wa nane upepo ulikuwa umeamka vibaya, vumbi linaingia mpaka kwenye bobini. Ndipo Obedi alipokuja akakaa ukingoni mwa benchi, amevaa mkanda wake wa usalama begani na kiunoni, wala hakuonekana kuwa na haraka ya kwenda popote.

Obedi ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, na kazi yake ni kuendesha mashine ya kikapu. Kwa asiyeijua, ni gari fupi la matairi manne lenye mkono mrefu wa chuma unaojikunja, na mwisho wa mkono kuna kikapu anachosimama mtu. Ilikuwa imeegeshwa ng'ambo ya barabara, mbele ya jengo jipya la duka la vifaa vya ujenzi. Duka lilikuwa lifunguliwe kesho yake, na bango lilikuwa bado liko chini, vipande vya alumini vya mita tatu tatu vimeegemezwa ukutani. Shida ni kwamba aliyejenga aliisogeza baraza ya juu kuelekea barabarani mpaka nyaya za umeme zikawa zinapita mbele ya madirisha yake. Obedi alitakiwa aingie kati ya ukuta na nyaya hizo, afunge bango.

— Shikamoo mzee Debe. Shikamoo mzee Dokezo. Shikamoo mama.

— Marahaba, tukajibu kwa pamoja.

— Nina swali. Mtu akiwa kwenye kikapu, waya hajaugusa, yuko karibu tu. Unaweza kumfanya kitu?

Nilinyanyua mguu kwenye cherehani. Obedi alisomea kazi ile, cheti chake nimekiona kwa macho, amekipiga plastiki anatembea nacho kwenye begi. Mtu akiuliza kijiweni jambo analolijua, huwa anatafuta watu wa kumsaidia kulisahau.

Khamisi akawa wa kwanza.

— Mbona ndege wanakaa juu ya waya ule ule? Jana nimehesabu njiwa kumi na mmoja. Wanajisafisha mabawa, wanagombana, hakuna aliyeanguka.

— Njiwa hana kingine alichogusa, Obedi akasema. Miguu yote miwili iko kwenye waya mmoja. Umeme unataka njia ya kwenda ardhini, na njiwa si njia.

— Na wewe ukiwa juu ya kikapu utakuwa umegusa ardhi kwa kitu gani?

— Mimi sijagusa. Mashine imegusa. Mkono wote ule ni chuma mpaka chini.

— Chini kuna matairi, Debe akasema, kama mtu anayetua mzigo. Mpira. Umeme na mpira hawasalimiani. Nimemaliza.

— Hujamaliza, Dokezo akasema. Unazungumzia mpira upi? Mpira wa ndala ni mpira. Tairi ni mpira na nini? Hiyo ndiyo hoja ya msingi.

— Ndani ya tairi kuna nyaya, Obedi akasema. Na waya wa msongo mkubwa hauogopi mpira. Mwalimu wetu alituonyesha picha ya tairi lililopasuka kwa umeme, limebaki kama mkeka uliochanika. Alisema usije ukaliamini tairi.

Debe akamrudishia Khamisi kikombe kitupu. Nikajua tunaenda Kibaigwa.

— Ninyi mnaongea picha. Mimi nimeona. Lori la mahindi, limejazwa mpaka juu ya bodi, magunia yamepandishwa kama ghorofa. Dereva anatoka sokoni, gunia la juu likagusa waya. Unajua kilichotokea?

— Lori likaungua, nikasema.

— Halikuungua. Mahindi yalilipuka yakawa bisi. Gunia zima. Watu walichota bisi kwa ndoo, watoto wa shule walikula mpaka jioni.

— Mzee, unatupiga kamba.

— Chumvi tu ndiyo haikuwepo.

Hata Obedi alicheka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Ila Dokezo hakucheka. Alitaka kujua kama bisi zilikuwa za gunia la juu tu au mpaka la chini, kwa sababu jibu lake lingeonyesha umeme ulifika wapi. Debe akasema za chini zilikuwa za moto tu, hazikupasuka. Dokezo akaona huo ni ushahidi kwamba umeme huchoka ukishuka.

— Hauchoki, Obedi akasema. Ukishuka kwenye mashine, aliye chini ndiye anaumia. Anayeshika mashine, anayeiegemea, hata anayetembea karibu nayo.

Khamisi akasimama na birika.

— Subiri kwanza. Mimi huwa nakuletea kahawa ukiwa kazini. Huwa nafanyaje?

— Unaegemea tairi unaniita.

— Kwa hiyo umeme ukikupata wewe juu, mimi na birika langu la bati chini ni hivyo hivyo?

— Ni hivyo hivyo.

Khamisi alilitazama birika kana kwamba limemsaliti. Tangu hapo akawa na maswali ya mtu ambaye jambo linamhusu.

— Hebu tuambie, umbali wa kutosha ni upi?

— Mimi nilifundishwa mita tatu au zaidi kwa waya wa namna ile. Waya ukiwa mkubwa zaidi, unakaa mbali zaidi.

— Na pale zipo ngapi?

— Kwa jicho langu, mbili na kitu.

— Jicho si kipimo, Dokezo akasema. Loisi, tupatie futi.

Niliitoa futi yangu ya kushonea shingoni, mita moja na nusu, nikampa Khamisi. Nilitaka kuona watafanyaje, maana waya uko juu na futi iko chini. Dokezo akaamua wapime kivuli. Waya una kivuli, kivuli kiko chini, ukuta uko chini, kwa hiyo umbali utapatikana bila mtu kupanda popote. Khamisi akaanzia ukutani kwa jengo, akawa anapima anaweka alama kwa kisigino, anapima anaweka alama, akavuka barabara nzima, bodaboda wakampisha, mpaka akakifikia kivuli karibu na miguu ya Debe.

— Mita nane na nusu, akatangaza.

Dokezo akaandika kiganjani. Mita nane na nusu, zaidi ya tatu, hoja imefungwa.

— Mzee, Obedi akasema taratibu, saa sita kivuli hicho kitakuwa kimerudi kule ng'ambo, chini ya waya wenyewe.

Tukakitazama kile kivuli.

— Basi panda sasa hivi kabla hakijarudi, Debe akasema.

Hapo nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Lakini Obedi alikuwa ametoa simu mfukoni anaitazama. Bosi wake, Optatus, aliyechukua kazi ya bango, alikuwa ameshampigia mara tatu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema bosi amemwahidi mwenye duka kwamba bango litakuwa juu leo kabla ya saa nane, na kwamba kama Obedi anaogopa, yuko mwendeshaji mwingine anasubiri simu tu. Obedi alikaa miezi saba bila kazi kabla ya kupata hii. Miezi hiyo yote nilimwona anapita hapa asubuhi amechomekea shati, anarudi mchana limechomoka.

— Na bango lenyewe, nikamuuliza, ile mita tatu unaihesabu kutoka kwenye kikapu au kutoka kwenye bango?

Aliniangalia kama mtu aliyefumwa.

— Kutoka kwenye chochote kinachoweza kufika, mama. Mkono wangu, bango, ncha ya kikapu kikiyumba.

— Na bango lina mita tatu.

— Lina mita tatu.

— Na upepo huu.

— Na upepo huu. Kule juu kikapu kinacheza.

Khamisi akasema angelishika bango kwa wima. Dokezo akasema angelikata vipande. Debe akasema angefunga bango usoni mwa waya wenyewe ili waya ujue kuna kitu pale na uzoee. Na kila mmoja alikuwa anasema kwa nia njema, hilo sitawasingizia. Tulikuwa tunamtafutia Obedi njia ya kupanda, na hakuna aliyemtafutia njia ya kutopanda, hata mimi.

Ndipo mashine ya kusaga ya jirani ikanyamaza.

Mtu wa Kizota hahitaji kuambiwa. Mashine ile huunguruma tangu asubuhi, na ikikata sauti katikati ya debe la mtu, umeme umekatika mtaa mzima. Redio ya saluni ikafa. Kisha zikaja sauti za watu wakitoka milangoni, kila mmoja anataka kuona kama ni kwake peke yake.

Na hapa lazima niseme tabia yetu. Mtaani kwetu umeme ukikatika, ndipo watu wanaposhika nyaya. Anayetaka kubadilisha soketi anangoja ukatike. Mwenye tawi la mti lililolalia waya anangoja ukatike, anachukua panga. Fremu yangu hii, taa ya mlangoni ilifungwa na shemeji yangu umeme ukiwa umekatika, na ulirudi akiwa bado ana bisibisi mkononi, akaanguka kwenye stuli, tukacheka na kumpa maziwa. Hatuiti watu wa umeme. Tunangoja wenyewe wakate, halafu tunaiba nafasi.

Kwa hiyo Debe alisimama, magoti yake yale yale.

— Mwanangu, Mungu amekuona. Nenda.

— Hakuna umeme, Khamisi akasema. Mashine imesimama, waya umekufa. Panda, funga, shuka.

— Mashine ya kusaga inakula waya wa chini, Obedi akasema, ila sauti yake ilikuwa imelegea. Ule wa juu ni mwingine. Huenda bado una umeme.

— Nguzo ni moja, Debe akasema. Kwenye nguzo moja, mmoja akilala na mwenzake amelala.

— Mwalimu alisema kila waya ni mzima mpaka waliouzima wakuonyeshe kwa kipimo, na wawe wameufunga kwenda ardhini, ili hata ukirudi uishie huko.

— Mwalimu yuko Dar, Dokezo akasema. Wewe uko Kizota. Tutazame suala hili kiutekelezaji. Kazi ni ya dakika ngapi?

— Arobaini. Nikiwahi, thelathini.

— Vizuri. Sasa umeme unatoka wapi? Chukulia unatoka bwawa la Mtera. Mtera mpaka hapa ni zaidi ya kilomita mia, na ni kupanda. Ukirudishwa kule, hauwezi kufika hapa mara moja. Utaanza Mvumi, watu wa Mvumi watawasha taa, ndipo uje polepole huku. Tunampigia mtu wa Mvumi simu. Akisema umepita kwake, wewe unashuka.

Nilikuwa na dada Mvumi. Nakiri kwamba mkono wangu ulikwenda kwenye simu.

— Na mimi, Khamisi akasema, nitasimama mlangoni kwa mashine ya kusaga. Ikianza kuunguruma tu, napiga mluzi.

— Na mimi nitasimama katikati nipokee mluzi wa Khamisi, Debe akasema, nipungie kofia.

Mpango ukawa umekamilika. Mvumi, simu, mluzi, kofia. Tulijisikia wenye akili sana. Obedi alisimama, akakaza mkanda kifuani, akavuta kamba yake akaangalia kulabu yake. Akanitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa sijasema.

Nikamwambia:

— Nenda, mwanangu, fanya haraka.

Nilisema mimi, kwa mdomo wangu. Nayaandika hapa ili nisije nikawasukumia wenzangu.

Alikuwa ameshashuka barabarani, hatua nne tano, alipotokea mama mmoja kutoka upande wa mashine ya kusaga, kiroba cha uwele kichwani, kanga imeshikwa na upepo. Miguu yake yote vumbi jekundu. Akasimama mbele ya benchi, akatusalimu kwa Kigogo.

— Mbukwenyi.

— Mbukwa, tukamjibu.

— Naitwa Yudith, natoka Zuzu. Nimeleta uwele wangu, nimeufikisha tu mlangoni mashine ikazima. Mwenye mashine amefunga mlango ameondoka. Nikaona hapa kuna watu wazima wamekaa. Naomba kuuliza, umeme unarudi saa ngapi?

Khamisi alikuwa ameshaweka vidole mdomoni kujaribu mluzi, akavitoa. Dokezo alikitazama kiganja chake, zile mita nane na nusu, akafumba mkono.

— Huwa unachukua saa nzima, Debe akasema mwishoni.

— Juzi ulichukua dakika mbili, Khamisi akasema.

— Wiki iliyopita ulilala mpaka asubuhi, Dokezo akasema.

Mama Yudith alitugeuzia macho mmoja mmoja, kwa adabu, akingoja tukubaliane. Hakujua habari ya kikapu wala bango. Yeye alitaka kujua atue kiroba au asitue. Na mimi nilikuwa nimekaa pale nimeshika futi, nasikia aibu inapanda shingoni, kwa sababu swali lile hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria, na tulikuwa tunampeleka mtu juu kwa kutegemea jibu lake.

Obedi alikuwa amesimama barabarani amegeuka, amesikia kila neno. Simu yake ikaita. Akaiangalia, akarudi mpaka kwenye benchi, akaipokea, akaweka spika tusikie sote.

— Obedi, bosi akasema, nasikia huko umekatika. Nafasi ndiyo hiyo, kaka. Uko juu?

— Niko chini.

— Unangoja nini?

— Bosi, umeme unarudi saa ngapi?

— Nini?

— Umeme. Unarudi saa ngapi?

— Sasa mimi nitajuaje?

— Nani anajua?

— Watu wa umeme wenyewe ndio wanajua.

— Basi zungumza nao. Waje wauzime wenyewe, waupime, waufunge, waniambie mimi kwa midomo yao kwamba umezimwa na hautarudi mpaka nishuke. Hapo nitapanda hata usiku.

— Obedi, watu hao ukiwaomba wanakupangia siku. Duka linafunguliwa kesho.

— Wafungue mlango, bosi. Wateja watauona mlango.

— Nitampigia mwingine sasa hivi.

— Mpigie, Obedi akasema. Ila na yeye umjibu swali hilo kabla hajapanda.

Simu ikakatwa. Obedi aliiangalia muda mrefu, kisha akavuka barabara mpaka kwenye mashine, akachomoa ufunguo, akaufungia kwenye kulabu ya mkanda wake na kurudi. Kama kazi bado anayo au ndiyo imekwisha, yeye hakujua na sisi hatukujua. Nilitaka kumwomba radhi mbele ya wote, nikaanza, akaniambia acha mama.

Mama Yudith alikuwa bado amesimama na kiroba chake kichwani.

— Kwa hiyo jamani, nisubiri au niende zangu?

Obedi akasogea kwenye benchi, akampangusia vumbi kwa kiganja.

— Shikamoo mama. Tua mzigo, kaa hapa. Na mimi nasubiri.